Maswali ya Wasomaji: Kuoanisha LCA na Tathmini ya Hatari kwa Mazingira

Barua nyingi za safari hii zinazunguka jambo moja. Kuna tathmini ya mzunguko wa maisha ya bidhaa, ambayo kazini wengi huiita LCA tu, na kuna tathmini ya hatari kwa mazingira. Wasomaji wanauliza zinavyokutana, na kwa nini zikikutana hugombana. Tumezipanga kuanzia swali la msingi.

Kiwanda chetu kinataka kubadilisha kiyeyushi cha kusafishia vyuma. Mshauri wa kwanza alifanya LCA akasema kiyeyushi kipya ni bora. Wa pili alifanya tathmini ya hatari akasema hichohicho kitadhuru viumbe mtoni. Nani amekosea?

Huenda hakuna aliyekosea. Kila mmoja amejibu swali lake.

LCA huanza na kazi inayofanyika. Kwenu ingekuwa, kwa mfano, kusafisha mita za mraba 1,000 za chuma hadi kiwango fulani cha usafi. Kutoka hapo inafuata kila kilichohitajika: malighafi, umeme, usafiri, matumizi yenyewe, na uchomaji wa mabaki. Kila kilo ya uchafu iliyotoka njiani inazidishwa kwa kizidishi chake cha athari, kisha zote zinajumlishwa. Kilo iliyomwagwa mwaka huu katika bara moja na kilo itakayomwagwa miaka kumi ijayo katika bara jingine zinaingia kwenye jumla ileile. Ndiyo maana viwango vya ISO 14040 na ISO 14044, vyote vya mwaka 2006, vinatamka wazi kwamba matokeo ya LCA ni ya kulinganisha. Hayatabiri kama kizingiti cha sumu kimevukwa, wala hayapimi usalama au hatari.

Tathmini ya hatari huanza na kemikali moja, mahali pamoja. Inakadiria ukolezi utakaokuwepo majini, ambao hufupishwa PEC, na kuugawa kwa PNEC, yaani ukolezi ambao chini yake madhara hayatarajiwi. Jawabu likizidi 1, kuna jambo la kushughulikia. Haijali umeme ulitoka wapi wala kiyeyushi kilisafirishwa umbali gani.

Kwa hiyo kiyeyushi kipya kinaweza kutengenezwa kwa nusu ya nishati, kikarejeshwa na kutumika tena mara nyingi, na bado kikawa sumu kali kwa samaki wa mto mmoja, ule unaopokea maji yenu. Kauli zote mbili ni kweli.

Utaratibu tunaoupendekeza ni huu. Tathmini ya hatari itangulie, iseme ni chaguo zipi zinakubalika katika mahali husika. Chaguo lililoanguka lisitupwe papo hapo. Andikeni dawa yake, mathalani hatua ya ziada ya kusafisha maji au kufunga mzunguko wa kiyeyushi, kisha mrudishe dawa hiyo ndani ya LCA pamoja na umeme wake, kemikali zake na tope lake. Baada ya hapo ndipo mlinganishe. Wengi huiruka hatua hii ya kurudisha. Wanalinganisha kiyeyushi cha zamani chenye mtambo wa kusafishia maji na kipya kisicho nao, halafu wanashangaa ushindi ulivyokuwa mwepesi.

LCA yetu inaonyesha gramu 0.2 za kemikali kwenda majini kwa kila bidhaa moja. Je, tunaweza kuigawa kwa mtiririko wa mto tupate ukolezi?

Hapana, na kosa hili ni la kawaida mno. Gramu 0.2 ni mgawo wa bidhaa moja tu. Mto haupokei bidhaa moja. Unapokea kazi ya kiwanda kizima, na siku ambazo kiwanda kimefungwa haupokei chochote.

Rudini kwenye uzalishaji wa mwaka. Tuseme ni bidhaa milioni 3, hiyo ni kilo 600 kwa mwaka. Kiwanda kinafanya kazi siku 220, kwa hiyo ni kama kilo 2.73 kwa siku. Zikiingia kwenye mtambo wa majitaka unaopitisha mita za ujazo 2,000 kwa siku, ukolezi ni miligramu 1.36 kwa lita. Mtambo ukiondoa asilimia 90, inabaki 0.136. Mto ukizimua mara 10, mnapata 0.0136, yaani mikrogramu 13.6 kwa lita. Mita 2,000 na kuzimuliwa mara 10 si namba za kubuni. Ndizo hutumika kama chaguo-msingi katika mwongozo wa tathmini ya kemikali wa Umoja wa Ulaya pale taarifa za mahali zinapokosekana. Mkijua mto wenu, tumieni namba zake, na mchukue mtiririko wa kiangazi badala ya wastani wa mwaka.

Sasa muulizeni msimamizi wa zamu: matangi yanamwagwa kila siku, au mara moja kwa wiki? Yakimwagwa kwa wiki, kilo 600 zilezile zinatoka kwa siku 44, na ukolezi wa siku ya kumwaga unafika mikrogramu 68. LCA haitabadilika hata kwa nukta moja. Tathmini ya hatari inaweza kugeuka kabisa, na pengine suluhisho likawa tangi la kutulizia maji na pampu ndogo inayoyatoa polepole.

Mtambo wetu wa majitaka unafikiria kuongeza ozoni ili kuondoa mabaki ya dawa za hospitali na majumbani. Wapinzani wanasema umeme wake utaleta madhara makubwa kuliko faida. Tupimeje?

Swali hili limekaa pale hasa njia hizi mbili zinapohitajiana, kwa hiyo twende na namba.

Chukua mtambo wa mita za ujazo 10,000 kwa siku. Maji yanayotoka yana mikrogramu 1 kwa lita ya diklofenaki, dawa ya maumivu ambayo bakteria wa mtambo wa kawaida huipunguza kidogo tu. Mto unazimua mara 10, PEC inakuwa 0.1. Kwa PNEC tuchukue mikrogramu 0.05 kwa lita, kiwango ambacho Uswisi inakitumia kwa mito yake. Uwiano ni 2. Ozoni ikiondoa asilimia 80, PEC inashuka hadi 0.02 na uwiano hadi 0.4. Diklofenaki huvunjwa na ozoni kwa urahisi hata zaidi ya hapo, lakini 80 ni namba nzuri ya kupangia. Ndiyo ambayo Uswisi, tangu 2016, inaidai kwa kundi la kemikali za namna hii kwenye mitambo iliyoteuliwa.

Upande wa LCA: kiasi cha ozoni hutegemea kaboni ya kioganiki iliyoyeyuka ndani ya maji. Ikiwa ni miligramu 6 kwa lita, na mnatumia gramu 0.6 za ozoni kwa kila gramu ya kaboni hiyo, mnahitaji gramu 3.6 kwa kila mita ya ujazo, sawa na kilo 36 kwa siku. Kutengeneza kilo moja ya ozoni, pamoja na oksijeni yake, tukadirie kunakula umeme wa kilowati-saa 12. Jumla ni 432 kwa siku, karibu 158,000 kwa mwaka. Kwenye gridi inayotoa kilo 0.5 za kaboni dioksidi kwa kila kilowati-saa, hizo ni tani 79 kwa mwaka. Kwenye gridi ya 0.05, ni tani 8 hivi. Hapo tayari mnaona hoja ya wapinzani inategemea zaidi umeme wenu unakotoka kuliko ozoni yenyewe.

Faida nayo: mtambo ulikuwa unatoa gramu 10 za diklofenaki kwa siku, kilo 3.65 kwa mwaka. Ozoni inazuia kilo 2.92. LCA itazizidisha kilo hizo kwa kizidishi chake na kuandika faida.

Hamisheni sasa mtambo huohuo hadi kando ya mto mkubwa unaozimua mara 100. Umeme ni uleule. Kilo zilizozuiwa ni zilezile 2.92, na LCA inaandika faida ileile. Lakini PEC bila ozoni ni 0.01 na uwiano ni 0.2. Kwa kemikali hii, samaki wa mto huo hawakuwa hatarini tangu mwanzo. Mtambo wa kwanza una sababu ya kulipa gharama ya tani zake za kaboni. Wa pili, kwa diklofenaki peke yake, hauna. LCA haiuoni mto, na tathmini ya hatari haioni bomba la moshi la kituo cha umeme. Anayetoa uamuzi lazima aone vyote viwili.

Tumesema “peke yake” kwa makusudi. Majitaka hubeba dawa nyingi kwa pamoja. Kama hatua ya kwanza, jumlisheni uwiano wa zote: dawa 12 zenye 0.2 kila moja zinatoa 2.4, na mto mkubwa nao unarudi kwenye mjadala.

Kuna mtego mwingine. Maji yenye bromidi nyingi yakipigwa ozoni hutengeneza bromati, na Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 kwa lita kwa maji ya kunywa. Pimeni bromidi kabla ya kununua chochote. Ikiwa juu, fikirieni unga wa mkaa ulioamilishwa. Kwa gramu 15 kwa mita ya ujazo mtahitaji kilo 150 kwa siku, karibu tani 55 kwa mwaka, na utengenezaji wa mkaa huo una uzito wake kwenye LCA, hasa ukitokana na makaa ya mawe.

Tumeona USEtox inatumia HC50, ilhali tathmini ya hatari inatumia PNEC. Kwa kuwa PNEC ni salama zaidi, tukaiweka ndani ya vizidishi vya LCA. Kuna tatizo?

Lipo, na ni kubwa. USEtox ni modeli ya vizidishi vya sumu iliyotokana na mpango wa pamoja wa UNEP (shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa) na SETAC (jumuiya ya wanasayansi wa sumu na kemia ya mazingira), na ilichapishwa 2008. Kizidishi chake ni zao la vitu vitatu: safari ya kemikali mazingirani, sehemu yake inayowafikia viumbe, na nguvu yake ya kudhuru. Nguvu hiyo, kwa viumbe wa majini, hukokotolewa kama 0.5 kugawanywa kwa HC50, na HC50, yaani ukolezi unaokadiriwa kuathiri nusu ya spishi, ni wastani wa kijiometri wa matokeo ya vipimo vya spishi mbalimbali. Inataka kukisia katikati, bila kuegemea upande.

PNEC inaegemea kwa makusudi upande wa tahadhari, na kiasi cha kuegemea kinategemea mna vipimo vingapi. Angalieni kemikali mbili. Ya kwanza ina vipimo vitatu vya muda mfupi, vya mwani, dafnia (kiumbe mdogo sana wa maji baridi) na samaki, na kilicho chini kabisa ni miligramu 1 kwa lita. Kwa vipimo vya aina hiyo mnagawanya kwa 1,000, PNEC inakuwa 0.001. Ya pili imepimwa kwa muda mrefu kwa makundi yote matatu, na kiwango cha chini kisicho na madhara ni 0.1. Hapo mnagawanya kwa 10, PNEC ni 0.01. Mkiziweka kwenye LCA, ya kwanza itaonekana sumu mara kumi zaidi, na huenda tofauti yote imetokana na maabara, kwa sababu hakuna aliyelipia vipimo vya muda mrefu. Katika tathmini ya hatari tahadhari hiyo ni sahihi kabisa. Katika kulinganisha bidhaa ni upotoshaji.

Chukueni data ghafi za vipimo, mzihifadhi mahali pamoja, kisha mtengeneze namba mbili kutoka chanzo kimoja: HC50 kwa LCA, PNEC kwa hatari. Data ziwe moja, matokeo yawe mawili.

Na msishangilie tofauti ndogo. Waliounda USEtox walieleza kwamba usahihi wa vizidishi vya sumu ya maji baridi uko ndani ya mara 10 hadi 100, na vya afya ya binadamu mara 100 hadi 1,000. Bidhaa A ikiishinda B kwa mara mbili kwenye safu ya sumu, andikeni kwamba zimefungana.

Kwa nini metali kila mara hutawala matokeo yetu ya sumu, hata kwa bidhaa za plastiki?

Angalieni muda kwanza. Metali haiozi, na hifadhidata nyingi hufuata yanayovuja kutoka kwenye dampo na mabaki ya migodi kwa muda mrefu sana. Ecoinvent, mojawapo ya hifadhidata za LCA, hukadiria uvujaji huo hadi miaka 60,000. Shaba inayochuruzika kidogo kidogo kwa muda wote huo hujumlishwa kana kwamba imemwagwa mara moja. Plastiki yenu ilitumia umeme, umeme ulitumia makaa ya mawe, mgodi uliacha mabaki, na namba ikatokea hapo. Mtu wa tathmini ya hatari angeuliza ukolezi wa juu kabisa kwenye maji ya chini ya ardhi karibu na rundo lile ni upi na utafika lini, na huenda akapata kwamba kizingiti hakivukwi mwaka wowote.

Programu nyingi za LCA huruhusu kuutenga uvujaji wa muda mrefu. Toeni matokeo mara mbili, ukiwemo na usiwemo, na mwonyeshe yote.

Jambo la pili ni umbo la metali. Shaba iliyoyeyuka kama ioni huru ndiyo inayodhuru. Iliyoshikwa na mata ya kioganiki, au iliyo katika maji magumu, haidhuru sana kama hiyo. Vizidishi vya metali ndani ya USEtox vimewekewa alama kuwa ni vya muda, na alama hiyo isipotelee kwenye ripoti. Mkiwa na pH, ugumu wa maji na kaboni ya kioganiki ya mto mmoja unaowahusu, fanyeni hesabu ya metali huko kwenye tathmini ya hatari, ambako ina maana.

Meneja anataka namba moja tu. Tujumlishe uwiano wa hatari na alama za LCA?

Msifanye hivyo. Uwiano wa 2 ni kuvuka mpaka mahali fulani; alama ya LCA ni jumla ya mambo yasiyo na mpaka. Ukizijumlisha, mto uliovukwa kizingiti unaweza “kufidiwa” na umeme uliookolewa kwingine, na samaki hawafidiwi hivyo. Pia mtakuwa mmehesabu kemikali ileile mara mbili, kwa kuwa tayari imo kwenye safu ya sumu ya LCA.

Mpeni ukurasa mmoja wenye sehemu mbili. Juu, orodha ya mahali na kemikali ambako uwiano unazidi 1, au uko kati ya 0.1 na 1 kwa makadirio yenye shaka. Chini, ulinganisho wa LCA kwa chaguo zilizokubalika. Ataelewa.

Tunasafisha eneo lenye udongo uliochafuliwa. Tathmini ya hatari inasema tuuchimbe tuupeleke mbali. Je, LCA inaongeza nini?

Inaongeza malori. Mita za ujazo 1,000 za udongo ni kama tani 1,700. Kwa lori la tani 25 ni safari 68, na dampo likiwa umbali wa kilomita 60, ni kilomita 8,160 kwenda na kurudi. Kwa lita 33 za dizeli kwa kila kilomita 100, ni lita 2,700 hivi, zaidi ya tani 7 za kaboni dioksidi, kabla ya kuhesabu mashine ya kuchimba na udongo safi wa kujazia. Kutibu udongo palepale huenda kukapunguza hayo, lakini kunachukua miaka, na katika miaka hiyo hatari kwa walio jirani inaendelea. Wekeni hatari ya kipindi cha matibabu kwenye meza moja na kaboni ya malori. Mara nyingi jibu zuri ni la mchanganyiko: kuchimba kitovu chenye uchafu mkali tu, na kutibu kilichobaki mahali pake.

Ajali ziingie wapi, kama tangi kupasuka?

Kwenye tathmini ya hatari. LCA hufuata uendeshaji wa kawaida, na kuigawa ajali ya nadra kwa mamilioni ya bidhaa huifanya ionekane si kitu.

Tunaanza mradi mwezi ujao, kukiwa na mtu wa LCA na mtu wa hatari. Tuanze na nini ili tusikusanye data mara mbili?

Anzeni na jedwali moja la utoaji, wote wawili wakiwa wamekaa pamoja. Kila mstari uwe utoaji mmoja. Safu za mtu wa LCA zinafahamika: jina la kemikali na namba yake ya CAS (namba ya kuitambulisha kemikali kimataifa), kiasi kwa kizio cha kazi (ile kazi ambayo LCA huanza nayo), hatua ya mzunguko, na inakokwenda, hewani, majini au udongoni. Ongezeni safu za mwenzake: kiasi kwa mwaka, siku za utoaji kwa mwaka, mahali, mto au ziwa linalopokea na mtiririko wake wa kiangazi, asilimia inayoondolewa na mtambo, na umbo la kemikali.

Hamtaweza kujaza safu hizo kwa mistari yote. LCA ya kawaida ina mamia ya utoaji, mwingi ukitoka kwenye hifadhidata bila mahali. Endesheni LCA ya haraka kwanza, mchague mistari michache inayobeba sehemu kubwa ya sumu. Kisha mtu wa hatari aongeze anayoijua kuwa sumu kali hata kama kilo zake ni chache, hasa ile inayotoka kwenye viwanja vyenu wenyewe. Hiyo ndiyo ifanyiwe tathmini kamili.

Mkubaliane pia mapema kuhusu asilimia ya uondoaji kwenye mtambo wa majitaka. Mara kwa mara mmoja hutumia 90 kutoka hifadhidata, mwingine 60 kutoka vipimo vya mtambo wenyewe, na tofauti hiyo peke yake inauzidisha utoaji mara nne. Vipimo vya mtambo wenyewe vitangulie, na tarehe za kupimwa ziandikwe kwenye safu ya mwisho.